Fundi, Kabla ya Kubandika Msasa Fikiri Utakavyoubandua

Swali hili halikomi. Linatoka kwa maseremala wa Hadado na Griftu, wa Wajir mjini, na hata kwa wanaotengeneza vitanda na milango kule Garissa: "Nimejichongea kibao cha kupigia msasa. Asubuhi kinafanya kazi vizuri, lakini ikifika saa sita karatasi inateleza, inakunjamana, au inang'oka na nyuzi za ubao. Nitumie gundi gani?"

Jibu litawaudhi wengine: gundi si jambo la kwanza. Wengi hutafuta kinachoshika zaidi, na wakikipata hufurahi mpaka siku ya kubadilisha karatasi. Msasa ni kitu cha kutupwa. Ukifanya kazi ya kweli, karatasi ya namba 80 inaweza kuisha makali kabla ya adhuhuri. Kibao ndicho cha kukaa nawe miaka. Ukikigandisha na msasa kwa gundi isiyoachia, umekifunga kibao kizuri kwenye karatasi ambayo kesho haina kazi.

Halafu kuna joto. Wajir huzidi nyuzi 30 karibu kila mchana wa mwaka, na chini ya paa la mabati ni zaidi. Gundi ya kunata hulainika kwenye joto. Maelekezo yaliyoandikwa kwenye kopo au kwenye karatasi ya tepu yaliandikiwa karakana yenye ubaridi, si ya kwetu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sababu zake zinafuata:

- Kibao cha kila siku: bana msasa kwa vijiti na skrubu, bila gundi kabisa.
- Kibao kirefu cha meza na milango: gundi ya kontakti, upande mmoja tu.
- Kazi ndogo ya saa moja mbili: tepu nyembamba ya pande mbili.
- Gundi nyeupe ya mbao: iache ifanye kazi yake kwenye viungo vya viti.

Kwani mkono hautoshi?

Hautoshi, ukitaka uso ulionyooka. Vidole vina nyama laini, na kila kidole hukandamiza peke yake. Ubao una sehemu ngumu na sehemu laini, na vidole hufuata ile laini na kuichimba. Kingo nazo hulika na kuwa za mviringo. Simama mlangoni, elekeza kazi yako kwenye mwanga wa ubavuni, utaona mawimbi. Kwenye mguu wa kiti si neno. Kwenye uso wa meza, au kwenye loho, ule ubao wa duksi (madrasa) ambao mtoto ataandikia kwa kalamu ya kijiti, kila bonde litaonekana.

"Na mashine je?" Sina ugomvi na mashine. Inahitaji stima ya kutegemewa na karatasi za duara za aina yake, ambazo zikiisha huzipati popote. Tena mashine ya kuzunguka, mkononi mwa asiyeizoea, huchimba pale inaposimama. Kibao cha mkono kinanyoosha kwa sababu chenyewe kimenyooka. Hakina siri nyingine.

Kibao kwanza, msasa baadaye

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa kuwa malalamiko mengi ya "msasa unabanduka" huanzia kwenye ubao uliopinda. Karatasi ikibandikwa juu ya bonde, katikati haina kinachoishikilia. Inavimba ukisukuma, inarudi ukivuta, na baada ya muda inachanika.

Mbao za saiprasi zinazopakiwa malori kutoka bara na kupitia Garissa, Modogashe na Habaswein huwa bado zina unyevu wa nyanda za juu. Zikifika huku hukauka haraka na kujikunja upande wa upana. Ukichonga kibao siku ile ile ya kuzinunua, baada ya wiki chache utakuwa na kitu cha umbo la mfereji. Uache ubao huo kivulini, upangwe juu ya vijiti hewa ipite pande zote, mpaka uache kubadilika. Au tumia kitu kisichopinda:

- MDF ya milimita 18. Imenyooka, ni nzito kidogo, na masalio yake hupatikana kwa watengeneza makabati. Adui wake ni maji.
- Blokbodi au plaiwudi nene. Inafaa, lakini ikague. Iliyosimamishwa ukutani dukani kwa muda mrefu huwa imepinda.
- Bomba la mraba la alumini. Watengeneza madirisha hubaki na vipande vya urefu wa nusu mita na zaidi. Ni jepesi, limenyooka, halijui unyevu wala ukavu. Kwa kibao kirefu silijui la kulishinda.
- Kioo cha milimita 6. Kwa kunolea na kazi ya maji, tutakifikia.

Kukagua: weka rula ya chuma kwa ubavu wake juu ya kibao, inua vyote mpaka usawa wa jicho, tazama kuelekea mlangoni. Mwanga ukipenya chini ya rula, pana bonde. Fanya hivyo kwa urefu, kwa upana, halafu kwa mishazari yote miwili. Mishazari ndiyo wengi huisahau, na ndiyo inayofichua ubao uliojisokota.

Huna rula ya kuaminika? Tengeneza vibao vitatu. Paka kimoja unga wa mkaa, kisugue juu ya kingine, ona palipoguswa, punguza hapo. Viwili vikikubaliana bado usisherehekee, maana kimoja kinaweza kuwa kimebonyea na mwenzake kimevimba, vikaoana vizuri kabisa. Kila kimoja kikikubaliana na cha tatu, ndipo vyote vimenyooka. Ni kanuni ile ile ambayo Mwingereza Joseph Whitworth aliwaeleza wahandisi mjini Glasgow mwaka 1840, naye alikuwa akizungumzia vyuma.

Kibao kikishanyooka, kama ni cha mbao au MDF, kipake vanishi mara mbili upande wa chini na kwenye kingo. Acha ikauke, kisha ipitishie msasa laini kidogo tu. Kazi hii inaonekana ya bure, lakini ndiyo inayoamua kama kibao kitadumu. Gundi na tepu hushika kwenye vanishi na huachia kwenye vanishi. Kwenye MDF tupu hushika nyuzi, na ukivuta karatasi, nyuzi zinakuja nayo. Kila badiliko la karatasi linakuachia shimo jipya.

Kukata bila kuharibu kisu

Karatasi ya kawaida ya msasa ina milimita 230 kwa 280. Msasa wa rola huuzwa kwa mita, upana wa milimita 100 au 115 mara nyingi. Pima kibao chako kutokana na karatasi, usifanye kinyume. Ukichonga kibao cha upana wa milimita 130 kwa kuwa ndio ubao uliokuwepo, utatupa kipande cha kila karatasi maisha yako yote.

- Kata kutokea mgongoni, upande wa karatasi. Ukikatia upande wa mchanga, kisu kinakufa kwa mara moja.
- Njia bora ni kuchana. Chukua bleidi kuukuu ya haksoo, ipigilie kwenye ubao wa meza kwa misumari miwili, ukiacha nafasi nyembamba ya kupitisha karatasi chini yake. Ingiza, shikilia, vuta juu. Itachanika imenyooka.
- Kabla ya kubandika, shika karatasi ncha mbili na uvute mgongo wake juu ya ukingo wa meza, mara mbili tatu, mwelekeo mmoja kisha mwingine. Karatasi iliyokaa dukani kwenye joto hukauka na kujikunja, na isipolainishwa hivi itapasuka pale utakapoikunja.

Njia ninayoipendekeza: kubana

Faida yake ni kwamba joto haliigusi. Tena karatasi inabadilishwa kwa bisibisi, bila harufu, bila kusubiri chochote kikauke. Vifaa: kibao cha unene wa milimita 18, upana 115, urefu 210, vijiti viwili vya mbao ngumu, kila kimoja urefu wa milimita 115 na upana 30, na skrubu nne.

Kwa nini 210? Karatasi ikigawanywa mara mbili kwa urefu inakupa 115 kwa 280. Uso wa chini unachukua 210, ncha mbili za unene zinachukua 36, na zinabaki 17 kila upande za kukunjia juu. Hakuna kinachotupwa.

1. Viringisha kidogo pembe za chini za ncha zote mbili kwa tupa, kiasi cha milimita 3. Pembe kali hukata karatasi kama wembe.
2. Weka kijiti juu ya kibao, ukingo wake sawa na ncha. Toboa matundu mawili ya skrubu, si katikati ya kijiti bali upande wa ndani, ili karatasi iishie kabla ya skrubu na isitobolewe.
3. Chini ya kijiti, upande wa ndani, punguza kiasi kidogo kwa randa. Ukikaza skrubu, ukingo wa nje ndio utakaotangulia kuuma.
4. Ingiza ncha moja ya karatasi, kaza.
5. Geuza kibao, laza karatasi, ivute kwa kiganja kuelekea ncha ya pili, kunja, ingiza chini ya kijiti cha pili, kaza huku mwenzako au goti lako likishikilia.
6. Bonyeza katikati kwa kidole gumba. Ikiinuka na kushuka, legeza ncha moja urudie.

Baada ya dakika chache za kazi karatasi hulegea kidogo. Hiyo ni tabia yake. Kaza tena mara moja, basi.

Kuna anayesema: "Lakini katikati haijashikwa na kitu." Kweli. Kwa upana huu na karatasi iliyokazwa haina madhara kwa namba 60 mpaka 180. Ukitaka ukamilifu zaidi, pitisha ukanda mmoja wa tepu nyembamba katikati, kwa urefu. Tepu ikilainika kwa joto hakuna hasara, kwa kuwa vijiti ndivyo vinavyobeba kazi.

Na kama skrubu hazipo? Piga msumeno mfereji mmoja wa mshazari juu ya kibao karibu na kila ncha, tia ukingo wa karatasi humo, kisha gonga kabari nyembamba ya mbao ngumu. Ni ufundi wa zamani na unashika vizuri. Hapo kibao kiwe kinene zaidi, milimita 25 kwenda juu, mfereji usije ukakipasua.

Kontakti, kwa vibao virefu

Kibao cha sentimita 60 au 80 hakibaniki vizuri kwa ncha mbili, kwa sababu katikati ni mbali mno. Hapa gundi inahitajika. Gundi ya kontakti ndiyo ile ya rangi ya manjano au kahawia inayotumiwa na washonaji wa viatu na wanaobandika fomaika.

Maelekezo yake ya kawaida ni kupaka pande zote mbili, kusubiri, kisha kukutanisha. Usifuate hayo. Ukipaka pande zote mbili utahitaji patasi kuutoa msasa. Paka mgongo wa karatasi peke yake:

1. Futa kibao kwa kitambaa chenye spiriti. Chembe moja ya mchanga chini ya karatasi inatengeneza kilima, na kilima kinachora mstari kwenye kila kitu utakachokisugua.
2. Tandaza gundi kwa kipande cha kadibodi, safu nyembamba unayoweza kuona karatasi kupitia kwake. Usiimwage kwenye karatasi kutoka kwenye kopo. Madonge hayalali.
3. Subiri mpaka ukigusa kwa kifundo cha kidole inanata lakini haivuti nyuzi. Kopo litasema dakika 10 au 15. Saa saba mchana huku, muda huo ni mwingi mno, itakuwa imeshakufa. Amini kidole.
4. Anzia ncha moja, shusha karatasi polepole huku ukiisukuma kwa chupa ya soda iliyolala, kutoka katikati kwenda kingoni. Ikishagusa usijaribu kuitelezesha.
5. Geuza, weka juu ya sehemu iliyonyooka, pandisha kitu kizito kwa nusu saa.
6. Chonga masalio kwa kisu kutokea mgongoni. Karatasi iishie milimita 1 ndani ya ukingo wa kibao. Iliyochomoza ndiyo hukwama na kuanza kubanduka.

Ukihitaji vipande viwili ili kufunika urefu, viache na mwanya wa milimita 1 kati yao. Usivipandishe kimoja juu ya kingine hata kidogo.

Kuutoa: laza kibao juu ya bati juani, uso wa msasa juu, gundi ilainike. Inua pembe moja na uvute karatasi ikijikunja nyuma, karibu kulala juu ya kibao, usiivute kwenda juu. Mabaki ya gundi sugua kwa kidole yajikusanye madonge, au futa kwa tina.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa sauti. Mvuke wa kontakti na wa tina ni mzito kuliko hewa. Hautapaa na kutoka dirishani, utatambaa sakafuni mpaka utakapokuta moto. Nimeingia karakana nyingi ambamo kopo la gundi liko wazi hatua chache kutoka kwenye jiko la chai. Paka gundi nje, au mlango ukiwa wazi na jiko likiwa limezimwa. Funika kopo mara umalizapo, liweke mbali na watoto. Mvuke huo unalevya, na unaharibu ubongo na ini kwa anayeuvuta mara kwa mara.

Tepu ya pande mbili

Kiwanda cha 3M cha Minnesota, Marekani, kilichoanzishwa 1902, kilipata jina kwa msasa kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 1925 mfanyakazi wake Richard Drew akatengeneza tepu ya karatasi kwa ajili ya wapaka rangi za magari. Kwa hiyo msasa na tepu wamefahamiana siku nyingi. Lakini si kila tepu.

Nunua ile nyembamba ya plastiki. Ya kitambaa, inayotumiwa kwa mazulia, inashika lakini huacha utomvu mwingi. Ya sponji, ile nene nyeupe ya kubandikia vioo ukutani, usiilete kabisa kwenye kibao cha msasa. Inabonyea ukikandamiza, na kibao chako kigumu kinageuka mto. Kingo zote za kazi yako zitaviringika. Wengi walionunua tepu hiyo huniuliza kwa nini vibao vyao "havinyooshi".

Laza kanda za tepu ubavu kwa ubavu bila kupandana, zifunike uso mzima. Wanaobana matumizi kwa kuweka ukanda pembeni tu huishia na karatasi yenye tumbo. Na kwa kuwa joto litaifanya tepu iteleze, acha karatasi ndefu kidogo mbele, ikunje juu ya ncha ya kibao na uipige pini mbili tatu za stepla. Ncha ya mbele ndiyo inayosukuma, ndiyo ya kulindwa.

Gundi nyeupe, na supagluu

Gundi nyeupe ya mbao ina maji. Karatasi ikiyanywa huvimba, na ikikauka huku imevimba unapata mikunjo. Ikishika, haiachii mpaka uikwangue. Ikipata maji tena inalainika, kwa hiyo kwa msasa wa maji haifai hata kidogo. Mgongo wa msasa huo wenyewe umetiwa dawa ya kuzuia maji, gundi haiingii. Naikubali kwa jambo moja: vijiti vyembamba vya masalio ya plaiwudi, vya kuingia kwenye pembe na mifereji, ambavyo utavitupa pamoja na msasa wake. Vibandike, vilaze juu ya kioo kilichofunikwa karatasi ya nailoni, weka uzito, uviache mpaka asubuhi.

Supagluu usiipake moja kwa moja. Bandika tepu ya karatasi kwenye kibao na nyingine mgongoni mwa msasa, tia matone machache kati ya tepu mbili, kandamiza. Kesho unavuta tepu na kibao ni safi. Kwa kazi ndogo inafaa. Kwa kazi kubwa ni gharama ya bure.

Maji peke yake

Hii inawashangaza wengi. Chukua kioo cha milimita 6, kilaze juu ya meza iliyonyooka, nyunyiza maji kiasi cha kijiko, weka msasa wa maji namba 400 na uukandamize maji yatoke pembeni. Umeshika. Hakuna gundi, na ukimaliza unaunyanyua, unausuuza na kuuanika. Kwa kunolea patasi na ulimi wa randa njia hii ni bora kuliko jiwe lililochakaa katikati. Anza na 240 kama ukingo umevunjika, nenda 400, kisha 800 au 1000. Vuta patasi kwako tu. Ukiisukuma mbele itachana karatasi.

Kingo za kioo zisugue kwanza kwa kipande cha msasa na maji, usije ukakatwa.

Vitu visivyonyooka

Koor, ile kengele ya mbao ya ngamia, na vyombo vya maziwa havitaki kibao cha bapa. Kwa nje, kata kipande cha soli ya kandambili, kizungushie msasa na kifunge kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya pikipiki. Kwa ndani, chonga kijiti cha mviringo, kipasue kwa msumeno kutoka ncha moja mpaka nusu ya urefu, tia ukingo wa msasa kwenye ufa na uuzungushe. Ukisugua kwa kuzungusha kijiti kinyume cha mwelekeo uliouzungushia msasa, unajikaza wenyewe.

Makosa ninayokutana nayo kila mara

- Kutumia msasa ule ule kwenye bati au chuma, kisha kwenye mbao. Chembe za chuma zinabaki kwenye nyuzi, na mti wa mgunga una tanini nyingi. Ukilowa, ubao unaota madoa meusi yasiyotoka. Kwa loho inayooshwa kila siku ni maafa. Tenga vibao, andika kwa rangi "CHUMA" na "MBAO".
- Kubandika namba 60 upande mmoja na 180 upande wa pili wa kibao hicho hicho. Chembe za 60 zinadondoka na kuchora kazi uliyokwisha kuilainisha.
- Kurudi kwenye randa baada ya msasa. Chembe zilizobaki kwenye ubao zinaua ulimi wa randa. Maliza randa kwanza.
- Kuruka namba. Kutoka 60 kwenda 180 hakuokoi muda. Utasugua mikwaruzo ya 60 kwa 180 mpaka jioni. Pitia 80 au 100, kisha 120.
- Kukandamiza kwa nguvu pale msasa unapochoka. Karatasi butu inazalisha joto, na joto linalainisha gundi. Kubanduka kwingi kwa alasiri ni karatasi iliyokwisha, wala si gundi mbaya.
- Kubandika wakati wa upepo. Fanya kazi ya gundi asubuhi na mapema, kabla vumbi halijaamka.

Kwa wachonga loho

Mmeniuliza kwa nini loho iliyokuwa laini inakuwa ya manyoya baada ya kuoshwa mara ya kwanza. Maji huinua nyuzi zilizolazwa na msasa. Basi ziinue wewe kabla ya mteja. Malizia namba 120, futa ubao wote kwa kitambaa chenye maji, acha ukauke kabisa, kisha pitisha kibao cha 180 kwa wepesi, ukifuata nyuzi, mara chache tu. Ukipenda rudia mara ya pili. Baada ya hapo loho itaoshwa na kubaki ilivyo.

Vumbi

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Tuna mazoea ya kupuliza vumbi kwa mdomo, usoni mwetu wenyewe. Piga msasa nje ukiupa upepo mgongo, vaa barakoa inayokaza pembeni, na uondoe vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Msasa ulioziba usiutupe mapema. Usugue kwa kipande cha soli ya mpira halisi, vumbi litaganda kwenye mpira na makali yatarudi.

Ukipanda gari kwenda Wajir mjini kwa ajili ya vifaa, rudi na skrubu nane kabla ya kununua kopo la pili la gundi. Zinatosha vibao viwili, kimoja cha 80 na kimoja cha 120, na hivyo viwili vitafanya sehemu kubwa ya kazi ya karakana yako.